Mzigo wa Majirani

Mwaka ule wa 1956, ng'ombe wa Kirolirwe walikuwa bado wanatimua mbio wakisikia ndege. Drocella hakukimbia. Alisimama kando ya malisho, kitenge amekikaza kiunoni, akimtazama Hilaire anavyoizunguka ndege mpya kama mtu anayemzunguka fahali aliyemnunua jana.

Ile ya zamani ilikuwa na viti viwili tu, na Hilaire aliirusha kama anayetembea uani kwao. Hii ina viti vinne na kijimlango cha mizigo mkiani. Alikuwa amejifunza kuirusha akiwa peke yake. Leo ndiyo mara ya kwanza anabeba mtu.

Mtu mwenyewe ni Drocella. Binti yake Mukasine amejifungua huko Walikale, amepoteza damu nyingi, na habari zimefika kwamba hataki kula. Kwa miguu angemkuta hai? Hilaire, mtoto wa mzungu mwenye shamba, aliyelelewa mgongoni mwa Drocella, alikuja mwenyewe akasema atampeleka.

"Kikapu kimoja tu, Mama. Hii ndege sijaizoea."

"Kimoja, mutoto wangu."

"Wee Ilari!" Mbonigaba, mume wa Drocella, alipaza sauti. "Ulimukojolea mugongo miaka mbili. Leo usimumwage!"

Watu wakacheka, Hilaire naye akacheka, kisha akainama kwenye injini. Hapo ndipo Agathe, jirani yao, alipofungua kijimlango cha mkiani akasukuma gunia la maharagi. Akafuata Sebarenzi na unga wa mtama. Akafuata Constance na viazi vitamu. Kila mmoja alinong'ona, "Changu iko kidogo tu." Nani angewakataza? Kwa mzazi haendwi mikono mitupu. Drocella aliona yote, moyo ukamjaa, akanyamaza.

Ndege ilikimbia nyasini ikapaa kabla haijaamriwa. Pua ikatazama mawingu. Hilaire aliusukuma usukani kwa mikono yote miwili, misuli imemtoka, lakini kila akilegeza kidogo, pua ilipanda tena. Nyuma yao ukungu ulikuwa umeshafunika vilima vya Masisi, hakuna kurudi. Chini, msitu ulianza.

"Sitaiweza hii mashini," alisema, jasho likimtiririka. "Ni miye. Sijui kuirusha."

Drocella aligeuka akayatazama magunia mkiani. Akisema, kijana atavitupa vitu msituni, na Mukasine atakula nini? Asiposema, hakuna atakayefika.

"Ilari, si weye. Iko vitu huku nyuma."

"Vitu gani?"

"Maharagi. Na unga. Na viazi. Majirani njo waliweka, na niliona. Usitupe, mwanangu. Mutoto hajakula."

Hilaire alitupa jicho nyuma ya bega. Halafu akaangua kicheko kilichokaribia kilio.

"Mama! Mukia njo iko muzito! Na miye nafikiri nimesahau kazi! Leta mbele. Pole pole, kimoja kimoja. Usiguse mukono yangu."

Drocella alipiga magoti kwenye kiti chake cha nyuma, akainamia mkiani, akavuta gunia la maharagi, akalisukumia mbele. Pua ikashuka kidogo. Viazi vikafuata. Mwisho akapenya mwenyewe mpaka kiti cha mbele, akajikalisha na unga mapajani kama mjukuu. Mikono ya Hilaire ikapumzika.

Walipotua Walikale, kati ya kuta mbili za miti, hakuzima injini mara moja.

"Aksanti, Mama. Kwa kusema."

"Aksanti weye. Kwa kutotupa."

Jioni ile Mukasine alikula maharagi, vijiko vichache, kisha vingine. Drocella alimtajia nyumba moja moja, nani alitoa nini, na binti akalia huku anatafuna.

Kesho yake mume wa Mukasine, Nzabandora, alikuja uwanjani na kikapu cha samaki wakavu, zawadi kwa watu wa Kirolirwe. Alielekea moja kwa moja kwenye kijimlango cha mkiani.

"Hapana, kaka!" Hilaire alimwita. "Lete huku mbele, kando yangu. Nataka kuona hiki kikapu njia yote."