Hapana ya Kwanza Haihesabiwi

Lempi Harju alikuwa mwanamke wa kukataa. Usinielewe vibaya, hakuwa mkaidi. Kule kaskazini mwa Minnesota, kwenye miji ya machimbo ya chuma, mtu aliyelelewa vizuri akipewa kitu hukataa mara mbili, na mara ya tatu ndipo hupokea, tena kwa kunung'unika kidogo ili isionekane alikuwa anakitaka. Mkate wa iliki, kahawa, lifti ya gari, hata mchumba. Marehemu mumewe Arvo alimposa mara tatu, na zile mbili za mwanzo hakuna aliyezihesabu.

Sasa wewe mchukue mtu wa namna hiyo, mpe simu, na upande wa pili umweke kijana wa Texas!

Ilikuwa Januari. Tangu Arvo afariki, Lempi alikuwa nyuma kwenye malipo ya gesi ya kupashia nyumba joto, na barua ikaja: Jumanne saa tatu asubuhi fundi atafika kuifunga. Ila chini ya barua iliandikwa kwamba ipo sheria. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili, kampuni hairuhusiwi kumkatia mtu joto la nyumba akikubali mpango wa kulipa kidogo kidogo, kadiri ya kipato chake. Kazi yake ni kupiga simu tu. Lempi akapiga.

"Mama, ungependa tukuwekee huo mpango?" akauliza kijana aliyejitaja Marcelino, adabu tele.

"Aa, hapana, mwanangu. Wapo wenye shida kuliko mimi."

"Sawa, mama. Siku njema."

Simu ikakatika. Lempi akabaki ameishika, mdomo wazi. Yaani ndiyo basi? Hata kubembelezwa kidogo? Kesho yake akapiga tena, akapokea dada mmoja, na mambo yakawa yale yale: hapana moja, kwaheri. Lo! Watu gani hawa wasiojua kuuliza?

Wala halikuwa jambo la mchezo. Binti yake Karla, anayeishi Arizona, alishasema kwamba nyumba ikikaa bila joto hata siku moja, anakuja kumchukua na nyumba inauzwa. Arizona! Hakuna theluji, hakuna sauna, kuna nge. Nyumba ile Arvo aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na Lempi aliapa kwamba atatoka humo siku ya kubebwa.

Jumanne ikafika. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, baridi ya kugandisha kope. Gari la kampuni likasimama, akashuka Darrel Niemi, ambaye Lempi alimfundisha shule ya Jumapili akiwa mdogo hivi. Spana mkononi, uso umemshuka.

"Shikamoo, Mama Karla. Unajua kilichonileta."

"Marahaba. Najua. Ingia unywe kahawa."

"Hapana, mama, niko kazini."

"Ingia bwana, joto bado lipo."

"Hapana, nitakuchafulia sakafu, ona hivi viatu."

"Darrel, kahawa inapoa."

"Haya, kikombe kimoja tu, nisikuudhi," akasema, na tayari alikuwa ameshavua kiatu kimoja.

Alikula vipande vitatu vya mkate wa iliki ndipo akapata ujasiri. "Lakini Mama Karla, mpango ulikataa kwa nini? Karatasi yangu inasema mteja amekataa, mara mbili."

"Mara mbili kwa watu wawili! Kila mmoja mara moja. Nani aliyenifikisha ya tatu?"

Darrel akacheka mpaka kahawa ikampalia. Akatoa simu yake, akapiga ofisini, akafungua spika, akaiweka mezani. Bahati gani, akapokea Marcelino yule yule.

"Niko kwa Bi Harju," Darrel akasema. "Mpango anautaka."

"Lazima nisikie kwa mdomo wake mwenyewe. Mama, unautaka?"

Lempi akafungua kinywa, na ulimi ukashika njia yake ya miaka sabini. "Aa, hapana, msijisumbue kwa ajili yangu..."

"Sawa, ma—"

"Usikate!" Darrel akapiga kelele. "Muulize tena!"

"Kaka, nimeshamuuliza. Hapana si hapana?"

"Huku siyo!"

"Huku kwetu ndiyo. Siruhusiwi kumsukuma mteja. Kama anautaka, auombe mwenyewe."

Auombe! Kukubali mara ya kwanza tu ni aibu, sembuse kuomba. Lempi aliitazama spana iliyolala kando ya sahani, na moyo ukamchoma. Alimkumbuka Arvo wake siku ile kifua kilipombana. Twende hospitali, alimwambia. Hapana, wapo wagonjwa kuliko mimi. Twende basi, Arvo. Hapana, nitalala kidogo. Lempi akasema atamuuliza ya tatu asubuhi, na asubuhi hapakuwa na wa kuulizwa. Hasira zikampanda, juu ya Arvo, juu yake mwenyewe, juu ya ustaarabu wote huu wa kipumbavu.

"Mwanangu," akasema. "Naomba huo mpango. Nautaka. Tena sasa hivi."

"Kwa moyo wote, mama!"

Ilichukua dakika nne. Dakika nne! Lempi alijifuta macho kwa aproni, kisha akaanza kucheka. "Kumbe haiumi!"

"Mama, kuna pia msaada wa serikali kwa gharama za joto," Marcelino akaendelea, "je, unge—"

"Ndiyo!"

"Sijamaliza, mama."

"Ndiyo hivyo hivyo!"

Darrel akaichukua spana, na uso ukamshuka tena. Alikuwa na nyumba nyingine kumi na moja za kufungia gesi asubuhi ile.

"Za kina nani?" Lempi akauliza.

"Siruhusiwi kusema," Darrel akajibu. Akaiweka karatasi yake mezani, maandishi juu, akaenda kunawa mikono. Aliyafungulia maji kwa muda wa kuogesha ng'ombe.

Lempi akavaa miwani. Skoglund, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Mama Pelkonen wa kwaya. Ndugu wawili wa Hautala. Mbele ya kila jina: mteja amekataa. Mteja amekataa. Nyumba kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokataa kweli.

"Darrel, funga maji hayo! Niletee buti zangu."

"Mama Karla, nje kuna baridi ya kuua."

"Ndiyo maana natoka."

Wendell Skoglund, mzee wa miaka themanini na kitu, alifungua mlango akiwa amevaa makoti mawili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaiona spana, akamwona Lempi, akanyoosha mgongo kama mwanajeshi.

"Karibuni," akasema. "Ila kama ni habari ya ule mpango, hapana, hapana, mimi wala si—"

"Wendell," Lempi akasema, akimpita na buti zake zenye theluji hadi jikoni, "sijakuuliza. Simu iko wapi?"