Farasi wa Leo

...bega tu, hilo ndilo la kumwambia, sikugonga kichwa, bega na kiuno na vumbi kidogo mdomoni, watu wanaanguka kila siku wakati wa kuwapasha farasi misuli, na huyu daktari aliyechuchumaa mbele yangu hapa kando ya lango ananyanyua kidole, kifuate dada, nakifuata, kushoto, kulia, kina pete, haya nimekifuata, sasa aniache nikapande, raundi ya mwisho ya kuruka viunzi inaanza na mimi nimeingia kwa mbinde baada ya msimu mzima wa kuhangaika... "Leo umepanda farasi gani?" swali gani hilo, si amuulize mtu aliyezimia, mimi kanuni zote ninazo kichwani, jaji anahesabu makosa, kocha anakaa nyuma ya kamba na akinipigia kelele uwanjani ninaondolewa mimi wala si yeye, mlinda lango hafungui mpaka akague mkanda wa kofia, aliyeanguka hapandi tena mpaka daktari aseme ndiyo, na daktari akisema hapana hata jaji hafui dafu, sasa mtu anayekumbuka yote hayo kichwa chake kina kasoro gani, farasi gani, Majivu bila shaka, yule wa kijivu anayeogopa mapipa ya buluu, kila tukiyakaribia lazima nimsemeshe, twende baba, twende, hata leo nimemsemesha... nimemsemesha?... na huyo mjomba anakuja naye, mjomba wangu ndiye mtunza farasi wetu, hana haraka tangu azaliwe, lakini mbona kaniletea wa kahawia, mjomba naye, uzee umeanza kumchezea, anachukua farasi wa watu, na farasi mwenyewe hana hata haya, ananyoosha shingo na kupekua mfuko wangu wa kulia, nani kamwambia kuna karoti... na karoti ipo, nimeikata mimi mwenyewe asubuhi... Majivu alikuwa hali karoti, alizitema, mjomba akasema huyu kalelewa kitajiri, tukacheka, na ni mjomba huyo huyo aliyenizuia mlangoni mwa banda siku Majivu alipougua tumbo, usiingie mwanangu, nikaingia, alikuwa amelala ubavu, hapumui tena, miaka hiyo nilikuwa bado na sare za shule... basi huyu wa kahawia ni wangu, nimemlea mimi, ana jina, jina lake liko hapa karibu, liko hapa... halipo, naogopa, si kuikosa raundi, naogopa kwamba ningempanda, ningemwelekeza kwenye kiunzi cha ukuta nikidhani ni mwingine, naye angeniamini na kuruka... kocha ananikonyeza kutoka nyuma ya kamba, sema uko fiti, mjomba ameshika hatamu tu, na daktari bado kachuchumaa, kidole chenye pete bado kiko juu, "Dada, nakuuliza, leo umepanda farasi gani?" na mkono wangu umeshafika kidevuni, unafungua mkanda wa kofia, "Sijui, daktari," nasema, "muulize mjomba."