Chura wa Slavka

Bi Orysia Hnatiuk alikuwa na sheria moja aliyowaimbia wanagenzi wote waliopita kituoni kwake Chernivtsi, nchini Ukraine, ambako watoto walioumizwa na vita hutibiwa kwa michezo: mtoto akishajenga kitu kwenye sanduku la mchanga, kinaonwa na yeye na mshauri wake tu. Kabla mlango haujafunguliwa, sanduku linafunikwa shuka. Aliirudia sheria hiyo mpaka wenzake wakawa wanamtania. Na ni yeye huyo huyo aliyekuja kuivunja.

Slavka, mtoto wa miaka minane, aliletwa na bibi yake kutoka mashariki ya nchi, vita vilipowang'oa huko. Miezi mitano hakutamka neno katika chumba cha mchanga. Alichimba mchanga, akafukia wanasesere, akaenda zake. Ndipo Alhamisi moja akamlaza mwanasesere wa kike chini ya kibao, akampandisha chura wa plastiki kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Chura anamziba mama mdomo. Mama akilia, watasikia."

Bi Orysia aliitikia kwa utulivu kama alivyofundishwa, lakini moyoni furaha ilimjaa tele. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Kipindi kilipokwisha, mtoto hajafika hata langoni, wakaingia wageni watatu wa shirika linalosaidia kituo. Wangeweza kuonyeshwa jiko, wangeweza kuonyeshwa bustani. Yeye akawapeleka kwenye sanduku, na shuka akaikunja kwa mikono yake mwenyewe.

"Alikaa siku kumi na sita chini ya ardhi na mama yake," aliwaambia, kidole kikionyesha. "Huyu chura ni yeye. Miezi mitano tunahangaika, leo ndiyo amefunguka."

Mgeni mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, akamsifu. Tuseme kweli, Bi Orysia alijiona mtu.

Alipogeuka alimkuta Slavka mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua kofia yake ya sufu. Aliichukua kitini, akawapita wageni bila kumtazama yeyote, akatoka.

Wiki nzima, kila Bi Orysia alipokumbuka kile kidole chake, uso ulimwaka hata akiwa peke yake. Mkubwa wake wa kazi, Larysa, hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Usinieleze mimi, si mimi niliyekosewa," alisema Larysa. "Akija, mwambie ulichofanya, kwa maneno machache. Na usimwombe msamaha, Orysia. Usimtwishe mzigo wa kukusamehe."

"Na asipokuja?"

"Basi umempoteza. Unajua mwenyewe."

Alikuja. Bibi yake alisimama mlangoni na kitambaa kichwani, amenuna.

"Asubuhi nzima amekataa kuvaa viatu," alisema. "Sijui mmemfanya nini, mwanangu, wala siulizi. Leo akitoka hivi hivi, simleti tena. Mtoto huyu ameshaburuzwa vya kutosha."

Mlango ulipofungwa, Bi Orysia alipiga magoti sakafuni. Maneno alikuwa ameyakariri mbele ya kioo.

"Slavka, niliwaonyesha watu mchanga wako. Nikawaambia mambo yako. Hayakuwa yangu kuyasema. Nilikosea."

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini aibu ya siku saba ikampanda, na machozi yakamtoka, na kamasi pia, mbele ya mtoto.

Slavka alimwangalia kidogo. Akaiweka chini kofia yake, akamsogelea taratibu, akamkalia magotini. Kisha akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayeijua kazi hiyo.

"Shsh," alisema. "Usilie. Watasikia."

Bi Orysia alitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na minane ya kazi, na leo amemrudisha mtoto kule kule alikotoka, akampa kazi ile ile ya chura. Alimeza kilio chake. Akaushika mkono ule mdogo, akauondoa mdomoni polepole.

"Haya machozi ni yangu, Slavka. Kuwanyamazisha watu wazima si kazi yako. Hata kule haikuwa kazi yako."

Mtoto aligeuka kuutazama mlango.

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

Slavka alishuka, akaenda mlangoni, akajaribu kitasa mwenyewe. Akakijaribu tena; mlango haukufunguka. Ndipo aliporudi kwenye mchanga, akampa Bi Orysia mgongo, akaanza kuchimba.