Gari la Mtu wa Kwetu

Mume wangu Damdin alichagua gari kwa namna alivyokuwa akichagua farasi, na mpaka leo sijamsamehe. Nasema mapema, ili anayetafuta habari ya wanandoa waliovumilia shida wakaja kucheka mwishoni asipoteze muda wake hapa.

Tulikuwa tunaishi Ulaanbaatar, mji mkuu wetu, kule juu kwenye mitaa ya mahema, ambako kila mlango unachoma makaa tangu theluji ya kwanza mpaka iyeyuke. Binti yetu Nomin alikuwa na miaka minne, na kila baridi mapafu yake yalimlaza hospitali. Mwaka ule daktari alinivuta kando akaniambia bila kupamba: mtoto huyu asilale tena kwenye moshi huu, safari nyingine hamtarudi naye nyumbani. Binamu yangu alikuwa na nyumba ya mbao bondeni, nje kabisa ya jiji, akasema tukae bure. Shida ni kwamba basi halifiki huko, na sisi wawili kazi zetu zilikuwa mjini, mimi nikishona buti, Damdin akipakia nyama kwenye ghala. Tukipata gari, tunahamia bondeni na mtoto wetu. Tukikosa, Nomin anapelekwa kwa mama yake Damdin huko Zavkhan, mwisho wa nchi, na mimi nabaki kumtazama kwenye simu.

Fedha tulizokuwa nazo ni za farasi wa mwisho wa Damdin, aliowauza baada ya baridi ile iliyotuulia mifugo. Kwa fedha hizo hununui gari. Unanunua masalia ya gari, baada ya Mjapani kulitumia, na mtu wa hapa kulitumia, na mwingine tena baada yake. Nilijua hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu, liwake asubuhi ya baridi, hata likiwa na sura ya kopo lililokanyagwa.

Tulikwenda soko la magari siku ambayo lama, kasisi wetu wa Kibudha, alisema inafaa. Karibu na lango tulimkuta mwanamke mmoja, Solongo, mhasibu mwenye miwani, amesimama kando ya gari lake la kijivu, moja ya yale madogo yanayotumia petroli na umeme ambayo jiji zima linayaendesha. Hatujafungua hata mdomo, akaanza kuyataja mabaya yake.

"Mlango huu uligongwa, nikaunyoosha. Linakula oili kidogo, msisahau kuangalia. Hita inachelewa kupata moto. Lakini betri kubwa nilibadilisha mwaka jana, risiti hii hapa."

Nilimpenda papo hapo. Tukaliwasha, likaitika mara moja. Bei ilikuwa ya mfuko wetu, na ilibaki hata ya petroli. Moyoni nilishaanza kupanga kitanda cha Nomin kitakaa upande gani wa nyumba ya mbao. Kisha Damdin akakiona kitambaa cha buluu cha baraka kilichoning'inia kwenye kioo, akamuuliza yule mama kama hatakitoa. Solongo akasema tukichukue tu, na mazulia ya chini tuchukue, na kila kilichomo, yeye haondoki na kitu.

Hapo ndipo gari lilipotuponyoka. Kwetu mtu akiuza farasi hung'oa nywele chache za shingoni akazihifadhi, ili baraka isiondoke yote na mnyama. Hata anayeuza pikipiki hubakiza kitu, walau kitambaa alichoifutia. Asiyebakiza chochote, watu husema anafukuza mkosi. Damdin alinishika mkono akanivuta nyuma ya lori.

"Umemsikia? Kitu chake mwenyewe anakisema vibaya, halafu habakizi hata uzi. Lile gari kuna mtu amefia ndani."

"Ni mtu wa mjini, Damdin. Mambo ya farasi atayajulia wapi?"

"Basi akawauzie watu wa mjini wenzake."

Nilipogeuka, Solongo alikuwa bado ameshika risiti yake mkononi. Nilimwambia tutarudi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na wengi.

Kule ndani ya soko tukamwangukia Gonchig. Au yeye alituangukia. Alikuwa amevaa joho zuri la kahawia na mkanda wa hariri, na aliposikia tu Damdin akiuliza bei akasimama kama aliyesikia sauti ya ndugu aliyepotea. Akauliza kama sisi ni watu wa Zavkhan. Damdin akasema ndiyo. Basi, mambo yakaisha pale pale. Chupa za ugoro zikatolewa zikabadilishwa kwa adabu, wakanusa, mlima ukatajwa, mto ukatajwa, na mpiga mieleka mmoja wa zamani wa kwao naye akatajwa. Damdin, ambaye mjini hazungumzi na mtu, alikuwa anacheka kwa meno yote.

Gari la Gonchig lilikuwa la aina ile ile, jeupe, limesuguliwa mpaka unajiona uso. Hakutaja ubaya wake hata mmoja. Nilipouliza habari ya betri kubwa alinitazama kwa huruma.

"Dada, mkienda kuposa, huwa mnamfungua bibi harusi mdomo kuhesabu meno?"

Waliosimama karibu wakacheka, na mimi nikageuka mwanamke msumbufu. Hata hivyo niling'ang'ana. Nikamwambia Damdin kuna fundi pale ukutani anapima betri kwa kompyuta, ni kazi ya muda mfupi, tupeleke. Damdin alinikata jicho. Huwezi kumpima mtu wa kwenu, akasema kwa sauti ya chini, ni sawa na kumwita mwizi.

Gonchig akapunguza bei kidogo, kwa ajili ya nyumbani, alisema. Kisha akachomoa kitambaa cheupe kutoka kwenye mkono wa joho lake, akaufuta usukani polepole, akaifuta dashibodi, akazunguka nje akafuta mlango wa dereva. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akakikunja kile kitambaa, akakitia kifuani. Damdin naye machozi yakamlengalenga, kwa sababu mtu anayeagana na gari hivyo lazima gari hilo liwe jema. Fedha za farasi zikabadilisha mikono.

Tuliyanyunyizia matairi maziwa ya baraka, tukahama. Siwezi kusema uongo, siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Kule mjini nilikuwa nimezoea kulala macho wazi nikisubiri kikohozi cha Nomin. Bondeni nililala. Alikuwa anakimbia nje na mbwa wa binamu yangu, mashavu mekundu, na asubuhi tunambeba usingizini tukampitishe shule ya awali njiani kwenda kazini. Damdin alikuwa akinitazama kwa pembeni huku ameshika usukani, akisubiri nimsifu. Nikamsifu, na sifa hizo zinaniuma kuliko matusi yote niliyomtukana baadaye.

Baridi yenyewe ilipofika, baridi ile ya kugandisha mate, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Tulikuwa katikati ya njia, hakuna nyumba kulia wala kushoto. Gari likavuta kidogo, likakohoa, likakata roho. Nilimfunga Nomin ndani ya koti langu, ngozi yake juu ya ngozi yangu, tukangoja. Lori la makaa lilipotuokota midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alilazwa. Mapafu yale yale.

Fundi alifungua kiti cha nyuma akatuita tuone. Betri kubwa ilikuwa imeoza zamani. Mtu alibadilisha vipande vichache vidumu wiki kadhaa za joto, akaizima taa ya hitilafu, akaifunga. Kununua nyingine ilikuwa karibu nusu ya bei tuliyolipa. Hatukuwa na nusu wala robo.

Tulikwenda kumtafuta Gonchig. Hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa pale pale, joho lile lile, anafuta usukani wa gari la buluu kwa kitambaa cheupe, macho yamelowa, na mbele yake wamesimama kijana na mkewe mjamzito. Sasa alikuwa mtu wa Khovd, mkoa mwingine kabisa. Alikuwa akiutaja mlima wa Khovd.

Nilimsubiri Damdin aseme neno. Alisimama mikono mfukoni. Nikapita mbele yake.

"Mdogo wangu," nilimwambia yule mjamzito, "kapimeni betri kwanza. Huyu si mtu wa kwenu. Juzi juzi alikuwa wa kwetu."

Gonchig hakushtuka hata kidogo. Alimtazama kijana kwa huzuni, kama anayemwachia aamue mwenyewe. Na kijana akanigeukia mimi.

"Dada, leo ni siku yetu njema. Tafadhali usituletee maneno mabaya."

Mkewe alishusha macho. Damdin akanishika kiwiko akasema twende. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia hata neno moja yule mwizi.

"Nimwambie nini mbele za watu?" akasema. "Kwamba mimi sijui kuchagua?"

Nomin alipotoka hospitali hatukumrudisha kwenye moshi. Mama yake Damdin alikuja mwenyewe kumchukua. Nilimvalisha nguo zote alizokuwa nazo, moja juu ya nyingine, nikampandisha kwenye basi dogo, na alilia mpaka basi likakata kona. Bibi yake alinipigia baadaye akasema amenyamaza, anakula. Tulirudi mjini kwenye hema letu. Gari tulimwachia binamu yangu uani, kuku wake wanataga ndani.

Nilipata ruhusa kazini kiangazi cha pili kilipofika, nikaenda Zavkhan; muda wote huo simu ya kule ilituletea sauti tu, si sura. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, sina neno naye. Nomin alikuwa amenenepa, ameungua jua, anapanda farasi bila tandiko, na siku zote nilizokaa kule sikumsikia akikohoa hata mara moja. Siku ya kwanza nilipoingia hemani alikuwa ameketi karibu na jiko pamoja na bibi yake, akamwita bibi huyo mama, akamuuliza kwa kunong'ona mimi ni nani. Akaambiwa. Akainuka, akashusha mikono ya nguo yake ifunike viganja kama anavyofundishwa mtoto mwenye adabu, akanimiminia chai ya maziwa, akaniletea bakuli kwa mikono miwili.

"Mmesafiri salama?" aliniuliza, kama anavyoulizwa mgeni.

Nikalipokea bakuli, nikamjibu kwamba nimesafiri salama.