Chokaa Iliyoshuka Ukutani

Saa moja asubuhi mjane alipasua shina la mnyanya kwa kisu cha jikoni, akaona mstari wa kahawia ndani yake. Huo ulikuwa mche wa arobaini. Majani yalikuwa yamelegea, na ardhi ilikuwa na maji ya kutosha.

Bwana shamba alishamwambia bila kuzunguka: mbolea ileile ya miaka yote imeufanya udongo uwe mchachu, na kuvu wa mizizi anaupenda uchachu.

"Tia chokaa, mama. Uchachu ukipungua, naye atanyong'onyea."

Chokaa ilikuwepo, kwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyegawa mashamba baada ya msiba. Mjane alimkuta anaipaka nyumba yake mkono wa tatu.

"Shemeji, nigawie hata ndoo mbili. Watoto wa ndugu yako wanakula kwenye hizo nyanya."

"Nyumba ibaki na mabaka kama mbuzi? Zikitaka kufa zife. Mimi sikuziroga."

Jumatatu ukuta wa mbele ukabandua chokaa yake. Ilishuka njiani taratibu, nyembamba kama shuka, ikasubiri mwenye baiskeli apite, kisha ikavuka barabara na kuingia shambani. Mjane aliichanganya na udongo kwa jembe. Jumanne ikaja ya ukuta wa nyuma. Kufikia Ijumaa nyumba ilikuwa tope tupu, na majirani wakapita wakisalimia kama kawaida.

Miche iliyougua haikupona. Aliing'oa akaichoma. Aliyopanda mahali pake ilisimama wima mpaka ikazaa.

Shemeji akaja, akapita katikati ya matuta, akachuma nyanya akaing'ata.

"Hii ni chokaa yangu."

"Ilikuja yenyewe, shemeji."

"Sikatai. Nilikuwa nimekaa barazani, ikapita ikaniamkia." Alijifuta mdomo. "Hapa umepatengeneza. Msimu ujao nitapanda mimi. Wewe chukua kule bondeni, kwenye bilinganya zinazooza mizizi. Mkono wako mzuri."

Hilo lilikuwa shamba la tatu shemeji kumhamisha hivyo. Mjane alihesabu wanawe waliokuwa wakila nyanya kwenye kivuli.

Mchana aliteremka bondeni, akaokota donge la udongo, akaligusisha ulimi. Lilikuwa chachu kuliko yote. Akatema, akavua viatu, akaanza kung'oa bilinganya.