Kiganja Kinachomsubiri Lusini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ndani ya seli moja ya mwili wangu mwenyewe, kwa miguu. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani kuna kiwanda. Mitambo imesimama. Mafundi wanabomoa ukuta wa zamani na kuutafuna taratibu, kama watu wasiotaka kusikika.

Katikati amesimama mama mnene. Kwa mkono wa kushoto ameukamata mtambo mkuu usizunguke. Wa kulia ameunyoosha, kiganja wazi, kitupu.

"Wewe nani?"

"Protini. Jeni lako moja ndilo lililotoa ramani yangu. Namsubiri lusini, yule kirutubisho anayekaa kwenye maharage. Akija akaketi hapa kiganjani, naachia mtambo, tunajenga. Asipokuja, nashika, tunakula ukuta."

"Nimeshiba," nasema.

"Ndivyo unavyomjibu jirani yako Bi Rehani kila akikukaribisha chakula. Leo siku ya tatu. Mimi sina masikio, kijana. Nina kiganja."

Nikawaka. Mimi si mtu wa kuhurumiwa! Tangu Shekiondo, niliyepanga naye chumba, aoe na kuhama, sufuria sijaiinjika. Kula peke yangu kunanishinda, kuomba sitaki. Basi, mshairi mimi, nikamghania ubeti wangu mkali kuliko zote. Mafundi wakaacha kutafuna, wakasikiliza kwa adabu.

Mama akatazama kiganja chake. "Mzuri. Hauna lusini."

Fundi mmoja akauliza, "Ukuta umeisha. Tuanze nguzo?"

"Anzeni."

Mara kiwanda kikawa ua wa nyumba tunayopanga. Bi Rehani yuko mkekani na wanawe, sinia la wali na maharage katikati. Upande mmoja wa sinia haujaguswa na mtu.

"Karibu, mwanangu."

Ulimi unajiandaa kusema uongo uleule. Nyuma yangu nasikia nguzo ikitafunwa. Nikanyoosha mkono. Bi Rehani akaniwekea harage moja kiganjani.

"Funga," akasema, kwa sauti ya yule mama mnene.

Nikaamka. Kumekucha. Kitanda cha Shekiondo kitupu. Ngumi yangu ya kulia imefungwa, nikaifungua. Harage moja, lililopikwa, bado la moto.

Mlango ukagongwa. "Mwanangu! Chai tayari, na maharage yapo. Au na leo umeshiba?"

Nilifungua kwa mkono wa kushoto.

"Sijala, mama."

"Najua," akasema Bi Rehani. "Kanawe."