Pasheni Mbele ya Roshani ya Shemeji

Machozi ya kumzika mumewe hayajamkauka fundi cherehani, shemeji yake akaja na watu wa kupima kiwanja. Alidai kaka yake alimwachia nusu kwa mdomo. Juu ya nusu ile akajenga ghorofa, na roshani yake ikauelekea ua wa mjane moja kwa moja. Kila jioni alikaa pale na kikombe chake, akimtazama akianua nguo na kuosha vyombo, kisha akimwuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Shemeji, mbona siku hizi sufuria ni ndogo?"

Fundi aliwaendea wazee wa ukoo, wakamwambia hasira hasara. Akarudi kwenye cherehani yake, lakini moyo ulimchemka. Usingizi ukampaa, presha ikapanda, zahanati wakamwongezea vidonge.

Siku moja alimpelekea gauni mwanamke anayeuza miche kando ya barabara, akaona mmea uliomeza ukuta mzima nyuma ya kibanda. Akaambiwa ni pasheni. Akauliza hupanda mpaka wapi.

"Mpaka ikose pa kushika," alijibu muuza miche.

Fundi hakuwa amewahi kupanda hata mchicha, lakini alirudi nyumbani na miche.

Yote ilikufa. Aliitilia mbolea mbichi ya kuku, ikaungua. Aliimwagia maji kama anayezima moto. Muuza miche alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamweleza kwamba mbolea ioze kwanza, na kabla ya kumwagilia atie kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, auache.

Akaanza upya. Asubuhi, kabla hajagusa cherehani, alikuwa uani akipalilia na kufunga nyaya ukutani chini ya roshani, kila fundo akilikaza kama shingo ya mtu. Mgongo uliokuwa ukimuuma kwa kuinama kwenye cherehani ukalegea. Akaanza kulala fofofo. Zahanati walipompima walishangaa presha imeshuka, wakamwambia chochote anachofanya asiache. Akawaambia hana nia ya kuacha.

Pasheni ikafika roshani, ikajisokota kwenye vyuma vyake, ikaiziba. Shemeji akawa anawasha taa mchana.

Asubuhi moja fundi alikuta shina limekatwa kwa panga. Hakulia wala hakuita mtu. Majani yalikuwa bado hayajanyauka, naye alishajifunza kwamba kipande cha tawi kikiwekwa kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi. Akachukua mkasi wake wa kazi, akakatakata matawi yote, akayapanda kuanzia pembe moja ya ukuta hadi nyingine. Shemeji alikata shina moja. Atapewa ukuta mzima.

Mimea ilipokolea, shemeji alishuka mwenyewe, akasimama mlangoni. Fundi hakusimamisha cherehani.

"Shemeji, nyumba imekuwa giza. Tuipunguze kidogo."

"Punguza iliyoingia kwako. Ya huku ina mwenyewe."

"Sisi ni ndugu jamani."

"Ulipokuwa unahesabu sufuria zangu tulikuwa nani?"

Shemeji akaondoka. Aliyekuja baada yake ni mkewe, na kitambaa kimejaa pasheni alizochuma dirishani kwake. Akasema kwa haya, "Dada, naomba unifundishe na mimi. Mume wangu akikaa nyumbani kutwa, natamani kitu cha kunishughulisha."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kumfukuza. Kisha akaitazama ile roshani, akatabasamu. Akampa matawi na mbolea iliyooza vizuri, akamwonyesha kutoboa ndoo kuukuu, na akamsisitizia kwamba mimea ya kwenye ndoo hupenda roshani, tena iwekwe mingi.

Ndoo zikajaa, shemeji akakosa hata pa kuweka mguu. Sasa chai anainywea kwenye ngazi za nyuma, mbele yake ukuta mtupu, na mkewe akimwomba apishe apitishe maji. Siku fundi alipoambiwa hayo, aliweka beseni katikati ya ua, jua likiwa bado kali, akaosha nywele zake taratibu huku akiimba kwa sauti.